Kwa Mama Vijiti: Mdalasini Wako Umesimama

Mama,

Mdalasini wako umesimama. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujaniuliza kama nimekula, kama naumwa, kama nimepata mtu wa kuishi naye. Umesimama wote, kuanzia ule wa pale kwenye jiwe hadi ule uliopinda karibu na mfereji. Hakuna aliyeugusa. Umeridhika? Haya, sasa nisikilize mimi, maana ulipokuwa hai nafasi hiyo sikuipata.

Barua hii naiandika wazi, atakayeisoma na aisome. Wanaokujua kwa sifa wanajua vipande. Wanajua ulitoka Bukoba na sanduku moja, ukawa mwanamke wa kwanza katika idara yenu kusomea ukuaji wa mimea, wakati wenzako wa kiume wakisema mmea hukuzwa na mvua na Mungu, utafiti wa nini. Wanajua ulikwenda Ulaya ukarudi. Wanajua ni wewe uliyeonyesha kwamba mdalasini wa Uluguru unaweza kuoteshwa kwa kijiti, mkulima asihangaike na mbegu inayokufa kabla hajafika nayo nyumbani. Wasichokijua ni maisha yalivyokuwa ndani ya ile nyumba ya wafanyakazi chini ya mlima. Kila nikikutana na wanafunzi wako mjini huwa naitikia tu, "Ndiyo, alikuwa mtu wa pekee." Nimechoka kuitikia.

Unakumbuka bafu letu? Lile sinki kubwa la kulala sikuwahi kuoga humo hata siku moja. Lilijaa mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa, juu yake umefunika nailoni, na chini ya nailoni vijiti vyako vimesimama kama watoto wa shule mstarini. Bafuni ndiko kwenye unyevu, ulisema. Mimi na baba tukawa tunaogea uani, nyuma ya pazia la gunia, hata Juni wakati baridi ya mlimani inashuka mpaka mjini. Baba alikuwa akinunua madafu, ukiyafungua mwenyewe, na maji yote yakiishia kwenye ndoo ya kulowekea vijiti. Siku moja nilikuwa na homa, midomo imekauka, nikanyoosha mkono kwenye kikombe. "Hapana, mama, hayo ni ya miti," ukaniambia, ukanimiminia ya bombani. Nilikunywa. Ladha ya bomba lile ninayo mpaka leo.

Sisemi hukuwa na maneno. Ulikuwa nayo mengi, ila yalikuwa ya mimea. Ulinieleza, mimi nikikuna kichwa, kwa nini kijiti cha tawi la juu kinakataa kutoa mizizi. "Tawi la juu lina akili za utu uzima, linataka kuchanua tu. Chipukizi la shinani bado halijajijua. Hilo ukilikata linakubali kuanza upya." Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya maisha yako yote. Kata mti chini, karibu na ardhi, ngoja uchipue, chukua kijiti hapo. Ukiisikia leo unaona ni jambo la kawaida. Wakati ule huko mlimani watu waling'oa mti mzima wapate magome, kisha wakasubiri ndege waangushe mbegu.

Mkuu wa idara yenu alisimama mbele ya wageni akausoma utafiti huo kama wake, wewe umekaa safu ya nyuma umenipakata. Nilikuwa nimeegemea kifua chako na hukutikisika. Tukirudi nyumbani baba alifoka, akapiga usukani kwa kiganja. Wewe ukamuuliza tu, "Vijiti vimeota au havijaota?" Baba akabadilisha gia. Alikuwa dereva wa idara, ndivyo mlivyojuana, yeye akiendesha gari na wewe ukimwambia asimame kila unapoona mti usioujua. Kwenu Bukoba walisema umesoma kote huko ukaishia kuolewa na dereva. Mkafunga ndoa bomani, Mkristo na Mwislamu, na baba akakupeleka kwao, juu ya Mkuyuni, akakuonyesha mteremko wenye ukungu wa asubuhi na udongo mweusi. Kule ndiko vijiti vilipotoka bafuni kwetu vikawa miti, na kule ndiko watu walipokupa jina la Mama Vijiti. Mwanzoni walikuita hivyo wakicheka. Baadaye walipoona inavyonyooka wakaacha kucheka, jina likabaki.

Hapa inabidi nieleze kwa ajili ya wasomaji wasiojua. Wewe ulijua, au ulijifanya hujui. Kwa Waluguru ukoo, lukolo wenyewe, unapita kwa mama. Mteremko ule ulikuwa ardhi ya ukoo wa Bibi, mama yake baba. Baba aliulima kwa sababu alizaliwa na Bibi, na yeye akifa unarudi kwa watoto wa dada yake, Shangazi Mwanahawa. Watoto wake mwenyewe hufuata ukoo wa mama yao, na huko ndiko hupata mashamba. Ni utaratibu mzuri tu, haumwachi mtu nje, isipokuwa kama mama yako katoka Bukoba, ambako mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wahaya mimi ni Mluguru. Kwa Waluguru mimi ni Mhaya. Nilipokwenda Bukoba kwenye msiba wa babu, wajomba walinipokea vizuri sana, wakanipa chumba cha wageni.

Tena kuna jambo la pili. Mgeni anaweza kupewa shamba mlimani alime mahindi na maharage, akavuna, akaondoka. Hapandi mti. Mti wa kudumu ni wa aliyeupanda na watoto wake, na mti hauning'inii hewani, umeshika ardhi. Ukimwacha mgeni apande miti, ndiyo umempa shamba hivyo. Huko juu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wewe, mtaalamu wa mizizi, ukapanda mteremko mzima.

Bibi aliruhusu. "Mwacheni Mama Vijiti wangu," alisema, na kwa kuwa ndiye aliyesema, hakuna aliyefungua mdomo. Bibi akafariki. Kisha baba naye akafariki, nikiwa kidato cha pili. Siku ya arobaini yake ukoo ulikaa ndani, nawe ukaitwa. Mimi nilikuwa nje nachambua mchele na binamu zangu. Ulipotoka ulifunga kanga yako upya, ukanishika bega, ukaniita kwa Kihaya cha upole, "Twende, waitu. Tumeelewana." Nilidhani mmeelewana kuhusu kujengea kaburi.

Baada ya hapo ukawa mtu wa mlimani kabisa. Mimi nikabaki chini, kwa jirani, nikila ugali wa watu. Nilipoanza kazi kwenye duka la dawa Kihonda, badala ya kwenda kusomea mimea kama ulivyotaka, ulisema kazi yangu ni kusoma vibandiko vya chupa. Ni kweli, nasoma vibandiko. Lakini mtu akija na homa namtazama usoni.

Ulipostaafu wakafyeka shamba lako la majaribio la huku chini, wakajenga hosteli. Hukugombana na mtu. Miti mama yote, ile uliyoichagua mmoja mmoja, inayonyooka, inayochipua haraka, yenye vijiti visivyogoma kuota, ulishaihamishia juu, na mahali pengine popote haikuwepo. Kisha ukaugua, ukanyauka haraka, ukafa huku ukinitajia ni mti upi umechelewa kukatwa. Nilikuzika huku chini, makaburi ya Kola. Wa kutoka mlimani alikuja Shangazi Mwanahawa peke yake, na mkungu wa ndizi kichwani.

Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Mwanangu, ukoo unakaa Jumamosi. Mteremko anapewa Shabani wangu. Miti ya mama yako itatolewa."

"Wataikata, Shangazi?"

"Wataing'oa."

Umeelewa, Mama? Wangeikata tu ingechipua, na miti ikichipua dai langu linachipua nayo. Wanalijua hilo kwa sababu wewe uliwafundisha, ukiwa umechuchumaa nao kwenye tope, mwaka hadi mwaka. Shabani alikuwa ameshaazima masululu. Elimu yako iliwaingia vizuri.

Nikapanda mlima siku moja kabla ya kikao. Nilitaka kumkuta Shabani mtu wa hovyo, ingenirahisishia mambo. Nikamkuta kitaluni kwake, kachomeka vijiti kwa kufuata maelekezo yako yote, hadi ule mchanganyiko wa mchanga na pumba. Anasomesha watoto kwa magome ya mdalasini. Akaninawisha mikono mwenyewe, akanipa ndizi za kuchoma.

"Dada, hiyo miti naipenda kuliko unavyoipenda wewe," aliniambia. "Lakini ikibaki ya mama yako, kesho kutwa wanao wanapanda huku na mwanasheria wa mjini. Wapwa zangu nitawaambia nini?"

"Sina mtoto, Shabani."

"Utapata tu, Mungu akipenda," akasema kwa upole, na upole wake ukaniuma kuliko masululu.

Jioni Shangazi akaniita kibarazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha miguu yake iliyovimba.

"Njia ipo," akasema. "Kesho usimame mbele ya wazee useme mama yako hakupanda miti hapa. Useme miti ni ya lukolo, kaipanda Bibi. Basi, itakaa."

"Lakini alipanda yeye, Shangazi. Si wewe ulimbebea maji?"

"Nilimbebea. Hata Mzee Mwinshehe, huyo mkuu wa ukoo, alimbebea. Sote twajua. Hatukuulizi nani kapanda, mwanangu, twakuuliza utasema nini."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia wa chini walishakunyang'anya utafiti, sasa na wa juu wanataka nikunyang'anye miti kwa mdomo wangu mwenyewe, mimi niliyekuzika. Nilisema kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Shangazi akaningoja nimalize.

"Mama yako mwenyewe alishasema lake."

"Alisema nini?"

"Siku ya arobaini ya kaka. Walitaka kung'oa siku ile ile. Akasema waiache maadamu yu hai, na mtoto wake hatadai kitu huku mlimani. Si shamba, si mti, si kaburi. Akakutoa, mwanangu. Nilidhani alikwambia. Ila neno la mzazi laisha na mzazi, ndiyo maana sasa wanataka lako."

Si shamba, si mti, si kaburi. Nami niko nje nachambua mchele.

Mama, nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo na bado hayajashuka. Ulikuwa na nafasi moja ya kuomba mbele ya watu wale, na ukajua cha kuombea. Ungeweza kusema, ng'oeni miti, lakini msichana huyu ni damu ya kaka yenu, mpeni kona ya kulima, mwiteni mwenzenu. Walikubali miti ya mgeni isimame kwenye ardhi yao, jambo ambalo halijawahi kufanyika, kwa hiyo walikuwa watu wa kuombeka. Huenda wangekataa. Lakini hukuomba. Ulichukua mtoto wako mmoja, ambaye Bukoba hana kwao, ukamfungia na mlango wa pili, ukafunga kanga yako vizuri na kusema tumeelewana. Kisha ukanilaumu kwa nini sipendi kupanda mlima na wewe! Nimekuwa nikiwasalimia watu wale kila msiba na kila harusi, nikijiona ni wa kwao, wao wakijua kwamba nilishatolewa. Aibu hiyo ulinivisha wewe.

Nikaamua wachimbe. Sikupepesa macho. Nilikwenda kulala nikijua kwamba asubuhi nitanyamaza, wachukue masululu yao, na kila shimo litakalobaki nitalihesabu kuwa langu.

Asubuhi kabla ya kikao nilipanda mteremkoni, nikijiambia naenda kuuaga. Umande ulikuwa bado. Nikapita kati ya miti yako nikiwa nimekasirika, na kabla sijajua ninachofanya nikawa nimechuchumaa, nimeshika chipukizi la shinani, nalipinda taratibu kuona kama limekomaa kukatwa. Lilikuwa limekomaa. Nikaenda kwenye mti wa pili, nao nikaushika. Mikono yangu ilikuwa inaijua kazi ambayo sikuwahi kuipenda, kwa sababu nilikulia chini ya miguu yako nikikutazama, hakukuwa na kitu kingine cha kutazama nyumba ile. Nilikaa pale kwenye majani mabichi nikakutukana, Mama, naomba radhi, tusi lenyewe sitaliandika hapa. Halafu nikashuka.

Wazee walikuwa wamekaa mkekani, wanawake upande wa pili, Shabani mlangoni. Mzee Mwinshehe alifungua kwa dua, akaeleza kilichotuleta, akaniambia nisimame. Nikapiga magoti badala ya kusimama.

"Miti ya mteremkoni ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya lukolo."

"Kaipanda nani?"

"Bibi."

Nilidhani yamekwisha. Lakini mzee yule ni mtu wa kumaliza jambo. Alisafisha koo na kuuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, "Na mama yako, yule Mhaya, alikuwa akifanya nini huku miaka yote ile?"

Wanawake waliokubebea maji walikuwa pale pale. Waliovaa kanga ulizowapa Idi walikuwa pale pale. Kila mmoja aliangalia mkeka.

"Alikuwa mgeni," nikasema. "Alikuwa anakuja kutembea."

Mzee Mwinshehe akatikisa kichwa kukubali, akasema basi, miti ikae. Shabani alitoka nje akarudisha masululu kwa mwenyewe. Baada ya hapo tukaletewa wali, na mimi nikala, kwa sababu kukataa chakula pale kungekuwa matusi.

Kwa hiyo nimekukana, Mama, ili miti yako isimame, kama ulivyonikana mimi. Wamekwishaanza kusema ni mdalasini wa Bibi, na Shabani ataukata kwa wakati wake, chini, karibu na ardhi, kama unavyotaka. Wewe ungeona hesabu imetimia na kwenda kulala. Mimi silali vizuri. Nimemuuliza Shangazi jambo moja kuhusu siku ile ya arobaini, na yeye hakuweza kunijibu, anasema alikuwa ameinamisha kichwa. Nataka kujua kama ulipofika kwenye jina langu sauti yako ilitetemeka. Yangu ilitetemeka, Mama. Kikao kizima kilisikia.

Baki salama huko Kola. Nikipata nguvu nitakuja kufagia.

Ni mimi, binti yako, pamoja na yote tuliyosema mbele ya watu.